Nyumba na Jiko: Chakula cha Usiku kwa Anayeanza Kupika

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, atulishaye na kutunywesha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo, mwezi huu twataka kusema na msomaji ambaye husahauliwa mara nyingi katika kurasa za mapishi, naye ni yule asiyejua kupika hata kidogo.

Msomaji huyu yupo katika nyumba nyingi kuliko tunavyodhani. Huenda akawa ni bibi arusi aliyetoka skuli akaingia katika nyumba yake, asipate miaka ya kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi mbele ya bibi yake. Huenda akawa ni kijana wa kiume aliyepata kazi katika mji wa mbali, chumba kimoja na jiko moja. Huenda akawa ni baba aliyefiwa na mkewe, akabaki na watoto watatu wanaomtazama kila jua linapokuchwa. Wote hawa hushirikiana katika jambo moja, nalo ni haya. Mtu mzima huona aibu kuuliza wali hutiwa maji kiasi gani. Basi hanyanyui mwiko, bali hununua chakula cha barabarani usiku baada ya usiku. Fedha hutoka, na watu wa nyumba hawakusanyiki, kila mmoja hula kwa wakati wake na pahala pake.

Twapenda kuiondoa aibu hiyo kwanza, kabla hatujataja sufuria. Imepokewa kwamba Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, naye akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ulipofika akatoka kwenda kusali. Ikiwa aliyekuwa mbora wa viumbe hakuona unyonge katika kazi ya nyumba, ni mwanamume gani basi atakayesema kuwa jiko lamshusha cheo? Tena wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, madhehebu yaliyoenea katika pwani yetu ya Afrika ya Mashariki, wamesema kuwa kupika na kufua si wajibu uliomlazimu mke kwa mkataba wa ndoa. Afanyapo hayo, huwa ni wema wake na ihsani yake. Basi mume aliye na mke mwanafunzi wa jiko na alikumbuke neno hili, kwani tutalirudia.

Sasa tuingie katika kazi yenyewe.

Jambo la kwanza ni wakati. Katika nchi zetu zilizo karibu na mstari wa Ikweta, jua huchwa baina ya saa 12 na saa 1 za jioni mwaka mzima, na baina ya Magharibi na Isha hupita kiasi cha saa moja na dakika chache. Muda huu watosha kwa chakula cha watu watano, almuradi mambo madogo yametangulizwa. Baada ya Alasiri, au mara mtu arudipo kazini, na achague mchele atoe mawe, aukune ule nazi na kuukamua, amenye vitunguu, amtie samaki chumvi na ndimu, na afunike vyombo vyake. Asali Magharibi kwa utulivu, kisha ndipo awashe moto. Na ikitokea chakula kimekwisha kupakuliwa na Isha ikaadhiniwa, na watu wana njaa, basi Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa chakula kitangulizwe, ili mtu asisimame katika Sala na moyo wake umo sahanini. Lakini hii si ruhusa ya kuchelewa kupika kila siku kwa uvivu.

Jambo la pili ni kutojitwika mzigo wa wapishi wakubwa. Wengi wanaoanza hutaka kuanza na pilau au biriani, kwa kuwa ndivyo vyakula wavipendavyo. Pilau ikiwashinda, huweka mwiko chini wakasema, "Mimi sikuumbwa kupika." Lakini mwanzo kokochi, mwisho nazi. Pilau na ingojee Ijumaa ambayo mama au shangazi yupo karibu. Katika siku za kazi anayeanza anahitaji kujua mambo mawili tu: wali mmoja na mchuzi mmoja. Akiyajua haya vizuri, amekwisha kupata zaidi ya nusu ya vyakula vya usiku vya wiki nzima.

WALI. Kwa watu wanne au watano, pima vikombe viwili vya mchele. Uoshe mara tatu, maji ya mwisho yawe yamepungua weupe. Teleka vikombe vinne vya tui, si zito sana, pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, ukoroge hata lichemke, kwani tui lisilokorogwa hukatika. Tia mchele, koroga mara moja, uache uchemke bila ya kufunikwa mpaka tui lishuke lilingane na mchele. Hapo ugeuze kwa mwiko mara moja, funika, na upunguze moto uwe mdogo kabisa kwa dakika 15 hata 20. Mwenye jiko la makaa na atoe makaa mengi chini, ayapalie machache juu ya kifuniko. Usifunue kila mara kutazama, kwani mvuke ndio unaopika. Mchele mpya hutaka maji kidogo kuliko mchele wa zamani. Kwa hiyo kila ununuapo mchele kutoka duka jingine, pika kidogo kwanza uujue tabia yake. Wali ukiwa mashendea, maji yalizidi. Ukiwa na kiini kigumu, yalipungua, basi nyunyiza maji ya moto robo kikombe, funika tena dakika tano. Asiye na nazi apike kwa maji na kijiko cha samli au mafuta. Njia ni ile ile.

MCHUZI. Mama wa mchuzi ni kitunguu, thomu na nyanya. Katakata kitunguu maji kimoja kikubwa, utwange punje tatu za thomu, na ukate nyanya tatu zilizoiva. Tia vijiko viwili vya mafuta katika sufuria, kaanga kitunguu kwa moto wa wastani mpaka kilainike na kuanza kugeuka rangi. Hapa ndipo wanaoanza hufanya haraka, na mchuzi ukanuka kitunguu kibichi. Tia thomu, nusu dakika tu, kisha bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, kisha nyanya na chumvi. Funika ili nyanya zivunjike, kisha funua na ukoroge mpaka zisongamane na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Hiyo ndiyo alama yake, wala huhitaji saa ya ukutani. Kuanzia hapa mchuzi huu waweza kuwa wa samaki, wa mayai, wa adesi, wa maharage au wa kuku, kwa kadiri ya rizki ya siku ile.

Haya basi ni vyakula vitano, kwa siku tano za kazi.

Usiku wa kwanza, wali na mchuzi wa samaki. Chukua samaki yeyote mwenye nyama imara, kama changu, nguru au jodari, vipande vitano, vilivyokaa katika ndimu na chumvi kwa robo saa. Mchuzi ukifika katika ile alama tuliyoitaja, tia tui jepesi kikombe kimoja na nusu. Lichemkapo, panga vipande vya samaki. Usikoroge tena kwa upawa, samaki atavurugika. Shika sufuria kwa masikio yake uitikise polepole. Dakika 10 hata 12 zatosha. Samaki aliyeiva nyama yake huwa nyeupe isiyopenya mwanga, tena huachana na mfupa bila ya kulazimishwa. Mwisho tia nusu kikombe cha tui zito, na likichemka mara moja tu, ipua. Kamua ndimu juu yake.

Usiku wa pili, adesi za nazi. Hizi ndugu zetu wa bara ya Kenya huziita kamande. Fadhila yake kwa mtu wa kazi ni kuwa hazihitaji kuroweka. Kikombe kimoja na nusu cha adesi, zilizochaguliwa na kuoshwa, huchemshwa kwa maji ya kuzifunika na kuzidi, nusu saa au zaidi kidogo, hata zilainike. Zimimine katika mchuzi, tia tui kikombe kimoja, pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya harufu, na chumvi mwisho. Chakula hiki ni cha bei nafuu, nacho humshibisha mtoto na mzee asiye na meno.

Usiku wa tatu, mchuzi wa mayai na mkate wa boflo. Usiku huu hakuna wali, mkono upumzike. Chemsha mayai sita dakika 10, uyatie katika maji baridi, uyamenye. Viazi viwili vilivyokatwa vipande vidogo vitangulie katika mchuzi na kikombe kimoja cha maji mpaka vilainike, kisha mayai yafuate dakika tano. Ikiwa kuna kotmiri, ikatie juu. Huyu ndiye rafiki wa kijana wa chumba kimoja, kwa kuwa mayai hayaozi upesi na duka la boflo halikosekani.

Usiku wa nne, ugali na mchicha wa nazi. Chemsha maji vikombe vinne. Koroga nusu kikombe cha unga wa mahindi katika maji baridi, umimine katika maji yanayochemka, uwe uji. Uache utokote dakika tatu. Kisha ongeza unga kidogo kidogo, ukisonga kwa mwiko na kuukandamiza ukutani mwa sufuria, mpaka uwe mzito na uache kushika pembeni. Usonge dakika nyingine tano kwa moto mdogo, kwani ugali mbichi humuumiza tumbo mlaji. Watu wa Mombasa wataita chakula hiki sima, na hakuna ugomvi. Mchicha uoshwe kwa maji mengi mpaka mchanga uishe, ukatwe, utiwe katika kitunguu na nyanya zilizokaangwa, na nusu kikombe cha tui zito. Dakika tano au sita, usizidishe. Mwenye dagaa na awakaange pembeni.

Usiku wa tano, maharage. Haya yataka matayarisho, na hapa twaomba msomaji asikilize sana. Maharage makavu, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu. Yarowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yatelekwe kwa maji mapya, na yatokote kwa moto mkali si chini ya dakika 10 tangu mwanzo, ndipo moto upunguzwe yaendelee mpaka yalainike kabisa. Kuyapika kwa moto hafifu tangu mwanzo mpaka mwisho si salama, na maharage yaliyo nusu mbichi huleta kutapika kukubwa. Mwenye akili huyapika mengi siku ya mapumziko, akayagawa sehemu mbili. Moja huliwa, na moja huwekwa katika barafu ya friji. Siku ya kazi huwa ni kuyatia katika mchuzi na tui tu, robo saa, na chakula tayari.

Baada ya vyakula, yafaa kutaja makosa ambayo kila anayeanza hukutana nayo, ili asivunjike moyo. Chumvi ikizidi, dawa yake ni kuongeza tui au maji yasiyo na chumvi na kuuzidisha mchuzi, si kuufunika na kuomba usitambuliwe. Mchuzi ukiwa mwepesi, uache uchemke bila ya kifuniko. Tui likikatika, chakula hakikuharibika. Sura ndiyo imebadilika, ladha ipo. Wali ukishika chini, usikwangue wala usikoroge. Pakua wa juu taratibu, na ukoko uwaachie watoto, watagombania.

Kuna mambo mawili ya usalama ambayo ni wajibu kuyasema wazi. La kwanza, wali uliobaki. Desturi ya kulala na kiporo katika sufuria juu ya meza mpaka asubuhi ina hatari, kwani katika wali uliopoa polepole huzaliwa vijidudu ambavyo sumu yao haiondoki hata ukiupasha moto. Uliobaki na utandazwe upoe upesi, uingizwe katika friji kabla ya saa moja kupita, na uliwe kesho yake ukiwa umepashwa moto mpaka utoe mvuke. Asiye na friji na apike kiasi cha kuliwa kikaisha, au ampelekee jirani usiku ule ule. La pili, jiko la makaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa, wala lisiachwe likiwaka ndani wakati wa kulala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Pikia uani au barazani, au mlango na dirisha viwe wazi.

Sasa twarudi kwa yule anayekaa kusubiri kupakuliwa. Imepokewa kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia chakula aibu hata mara moja, akikitamani hukila, na asipokitaka hukiacha. Itazame sunna hii, ndugu msomaji, jinsi ilivyo nyepesi kwa ulimi na jinsi ilivyo nadra katika nyumba zetu! Wangapi wanaodumu na sunna ya kula kwa mkono wa kulia, na hapo hapo wakaivunja hii kwa neno moja: "Mama yangu hakupika hivi." Neno hilo laweza kumtoa mwanafunzi jikoni kwa mwaka mzima. Tulikwisha sema kuwa katika madhehebu yetu apikaye hufanya ihsani. Je, malipo ya ihsani ni kukunja uso? Ikiwa chumvi imezidi, kula na ushukuru, na kesho simama naye jikoni umshikie upawa. Na ikiwa mpishi ni mume au mtoto wa kiume, hukumu ni hiyo hiyo. Mke asimcheke mbele ya watu.

Wala hatusemi kuwa kazi hii ni nyepesi. Bibi Fatma (r.a.), binti wa Mtume, alidhurika mikono kwa jiwe la kusagia, akaenda kwa baba yake kutaka mtumishi. Mtume (s.a.w.) akamfundisha yeye na Sayyidna Ali (r.a.) kuwa walalapo waseme Subhanallah mara 33, na Alhamdulillah mara 33, na Allahu Akbar mara 34, akawaambia kuwa hayo ni bora kwao kuliko mtumishi. Katika habari hii twajifunza kuwa uchovu wa jikoni haukudharauliwa hata katika nyumba ile tukufu. Ulisikilizwa, tena ukapewa dawa. Basi na atakayefunga jiko usiku, mikono yanuka kitunguu, na asome tasbihi hizo akajue ni nani aliyezisoma kabla yake.

Imepokewa pia kuwa masahaba walimshitakia Mtume (s.a.w.) kuwa wanakula wasishibe, naye akawauliza kama labda hula mbalimbali. Walipokiri, akawaamrisha wakusanyike katika chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu, wapate kubarikiwa. Hapa ndipo lilipo kusudi letu lote. Vyakula vitano tulivyovieleza si vya karamu, wala havitasifiwa na wageni. Lakini vyatosha kuwakusanya watu wa nyumba moja katika sinia moja kila usiku, wakasema Bismillahi pamoja, wakaulizana habari za mchana. Baba mjane aliye na watoto watatu akiweza wali mmoja na mchuzi mmoja, hatakuwa amewalisha tu, bali atakuwa amewarudishia nyumba.

Tena Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri (r.a.) apikapo mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke majirani. Hata mwanafunzi wa jiko aweza kuutenda wasia huu tangu wiki yake ya kwanza. Na bakuli likienda kwa jirani, mara nyingi halirudi tupu, bali hurudi na chakula, au na shauri jema la mpishi mzee aliyeonja akajua kilichopungua. Kwa njia hiyo anayeona haya kuuliza atapata mwalimu bila ya kuomba.

Mwezi ujao, Mwenyezi Mungu akitujaalia uhai, tutaeleza kuku na namna ya kumkata vipande. Mpaka wakati huo, chagua usiku mmoja katika hizi tano, uupike mara tatu mpaka mkono uuzoee, ndipo usogee kwa mwingine. Mwenyezi Mungu azibariki rizki zetu, na majiko yetu, na wale wanaotupikia, na azikusanye nyumba zetu katika kheri.

Wassalaamu alaikum.